Mgonjwa ajaribu kwanza, ndipo chombo kinunuliwe

Siku hizi mgonjwa huletewa vyombo vya kila aina kwenye simu: cha kuweka miadi, cha kumkumbusha dawa, cha kumuuliza daktari swali. Wanaoviunda ni vijana hodari wa tarakilishi, na nia yao ni njema. Lakini aghalabu hujaribiwa na wale wale waliovibuni, ofisini, kwa simu za bei ghali. Mgonjwa wa Mathare au Kajiado hukutana navyo vikiwa vimekwisha kukamilika.

Kuna mfano wetu wenyewe wa kuigwa. Katika utafiti ulioanza humu nchini 2007 na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka wa 2010, wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya HIV waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilitumiwa ujumbe mfupi mara moja kwa wiki. Ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja tu: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu katika muda wa saa 48, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa afya. Mwishowe asilimia 62 ya waliotumiwa ujumbe walikuwa wakimeza dawa ipasavyo, ilhali miongoni mwa wenzao ni asilimia 50.

Hebu tafakari neno hilo, msomaji. Halitaji dawa, ugonjwa wala hospitali. Simu ikishikwa na mume, mtoto au jirani, siri haifichuki. Wala halihitaji simu ya kisasa. Mulika mwizi yatosha.

Hata idadi ya ujumbe si jambo la kukisia. Utafiti mwingine wa magharibi mwa Kenya, uliochapishwa 2011, ulionyesha kwamba ukumbusho wa kila wiki uliwasaidia wagonjwa kuzingatia dawa, lakini ule wa kila siku haukuleta tofauti. Nani angeotea hayo akiwa mezani?

Kujaribu kwenyewe si kazi ya mamilioni. Mtaalamu Jakob Nielsen alieleza mwaka wa 2000 kwamba watumiaji watano hutosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro. Mwombe mama aliye kwenye foleni ya kliniki aahirishe miadi kwa simu yake mwenyewe, kisha unyamaze. Tazama kidole kinapokwama, na neno analolisoma mara mbili. (Kunyamaza ndiko kugumu, mbunifu huwashwa na ulimi kusema "bonyeza hapo".) Akishindwa, kosa si lake. Rekebisha, kisha uwaendee watano wengine, wakiwemo wazee wasioona vizuri na wasiojua Kiingereza.

Kaunti, ambazo tangu 2013 ndizo zinazosimamia hospitali nyingi za umma, zisitie sahihi mkataba wa chombo cha aina hii kabla ya kuonyeshwa matokeo ya majaribio: ni nani walijaribu, wapi, kwa simu gani, na ni nini kilichobadilishwa baadaye. Muuzaji asiye na karatasi hiyo arudishwe zahanati, akaketi kwenye benchi pamoja na wagonjwa.