Profesa wa Kilosa na mtihani alioutunga mwenyewe

SAFU: BARAZA LA JUMAPILI
Na Rehema Mkude

Wilaya ya Kilosa ina bahati ya maprofesa. Mwaka 2015 Jimbo la Mikumi lilimpeleka bungeni Joseph Haule, Profesa Jay wa Bongo Fleva, kwa tiketi ya Chadema. Alipoangushwa mwaka 2020, jimbo jirani la Kilosa likampata profesa wa darasani, Palamagamba Kabudi wa CCM.

Profesa Jay ndiye aliyeimba "Ndio Mzee", kumcheka mgombea anayeahidi kila kitu. Alipopanda jukwaani Mikumi kuomba kura, wimbo ule watu walikuwa wameshaukariri. Kabudi naye ana wimbo wake, ila umeandikwa kwa ibara.

Kabla ya siasa alifundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miaka mingi. Udaktari aliusomea Berlin. (Watani wasichanganye mambo: Ulaya anayoipita abiria wa Mikumi kwenda Kilosa ni kijiji.) Mwaka 2012 aliteuliwa katika Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba. Rasimu ya pili, iliyokabidhiwa Desemba 30, 2013, wengi wanaikumbuka kwa pendekezo la muungano wa serikali tatu. Mie naikumbuka kwa mambo ya huku chini: mbunge asizidi vipindi vitatu, wapigakura waweze kumwondoa mbunge wao kabla ya muhula kwisha, na waziri asiwe mbunge. Bunge Maalumu la 2014 likayafyeka yote.

Januari 2017 Rais Magufuli akamteua mwalimu huyo kuwa mbunge, na Machi akampa Wizara ya Katiba na Sheria. Waziri aliye mbunge, basi, na tena katika serikali iliyosema Katiba mpya si kipaumbele chake. Tusimnyime haki yake: ndiye aliyeongoza mazungumzo na kampuni ya dhahabu ya Barrick yaliyoipa nchi asilimia 16 ya hisa kwenye migodi. Ila aliposema Rais alimwokota jalalani, wahadhiri wenzake walichukia, na mie sikuwalaumu. Chuo kilichomlea mtu miaka yote hiyo hakistahili kuitwa jalala hata kwa unyenyekevu.

Wapo wanaosema msomi akiingia siasa, elimu yake huiacha getini. Sikubaliani nao moja kwa moja. Mwalimu hubadilika kwa sababu mtahini wake amebadilika. Chuoni alikuwa akijibu kwa wanafunzi na wanataaluma wenzake; serikalini anajibu kwa aliyemteua. Kwa hiyo swali letu ni dogo tu: mbunge wa Kilosa anajibu kwa nani?

Kilosa ina maswali mengi. Mafuriko yaliyosomba nyumba na reli mwanzoni mwa 2010 yalitokana pia na kubomoka kwa bwawa la Kidete, na kila masika Mto Mkondoa hutukumbusha. Mkulima na mfugaji hawajasahau Rudewa Mbuyuni ya Desemba 2000, watu 38 walipouawa katika ugomvi wao. Kule Mikumi tembo wanavuka hifadhi kuja kula mahindi shambani. Mambo haya hayasubiri miaka mitano, na hapo ndipo lile pendekezo la kumwajibisha mbunge katikati ya muhula lilikuwa na maana kwetu kuliko hata serikali tatu.

Hivyo ndugu zangu wa Kimamba, Rudewa na Kilosa mjini, mkutano wa hadhara ukiitishwa, msiishie kuuliza maji na barabara. Muulizeni Profesa, kwa heshima zote anazostahili mwalimu: ibara zile alizoshiriki kuziandika, bado anaziamini? Akisema ndiyo, mwambieni azirudishe mezani. Akisema hapana, atueleze ni nini kilichombadilisha.