Tusilisifu Jiwe kwa Kazi ya Mkono

Kila inapokaribia Idi ya kuchinja, hapa Galbet na katika vitongoji vingine vya mji wa Garissa hufufuka ubishi ambao mgeni angeudhania kuwa mzaha. Visu vilivyolala mwaka mzima hutolewa katika ala na masanduku, na papo hapo watu hugawanyika kambi mbili. Wazee hushikilia kwamba makali ya kweli hutoka kwenye kinoo cha asili, yaani jiwe lililochimbwa ardhini, likachongwa na kurithiwa. Vijana nao huelekeza kidole dukani, kwenye kinoo cha kiwandani chenye nyuso mbili, moja ya kukwaruza na nyingine laini, na kuuliza ni kwa nini tuhangaike na mawe ya mababu.

Katika ubishi huu mimi nasimama na vijana, japo si kwa sababu wanazozitoa wao. Wao husema jiwe la dukani ni la kisasa, kana kwamba usasa pekee huweza kukata nyama. Sababu yangu ni nyingine, nayo yawahusu hasa walimu na wanagenzi wao: kinoo cha kiwandani chaweza kufundishwa, ilhali kile cha asili huzoewa tu.

Tuanze na jiwe lenyewe. Kinoo hakina uganga. Kazi yake ni kukwaruza chuma, na hukwaruza kwa kuwa ndani yake mna chembe zilizo ngumu kuliko chuma cha pua. Katika milima ya Ardennes huko Ubelgiji huchimbwa jiwe la rangi ya manjano lililojaa chembe ndogo mno za kito kiitwacho ganeti, na vinyozi wa Ulaya walilienzi kwa karne nyingi. Wajapani nao walichimba mawe yao katika vilima vinavyouzunguka mji wa Kyoto. Hata Pliny, mwandishi wa Kirumi aliyeishi takriban miaka 2,000 iliyopita, aliona vyema kutenganisha mawe yanayonolewa kwa maji na yale yanayotaka mafuta. Basi wazee wetu hawakukosea walipolistahi jiwe. Walimwengu wote walilistahi.

Ila jiwe la ardhini lina tabia zake. Upande mmoja huweza kuwa laini na upande wa pili ukawa na mshipa mgumu unaolegeza makali yote uliyoyatafuta kwa saa nzima. Ndugu wawili waliochimbuliwa shimo moja hawafanani. Isitoshe, sisi wa Garissa hatukujaliwa mawe mengi. Ardhi yetu hii ya kando ya Mto Tana kwa sehemu kubwa ni mchanga na udongo ulioletwa na maji. Kule Mandera kuna miamba ya mawe mchanga, nayo yafaa kwa panga na shoka, lakini anayetaka kunolea wembe juu yake atapata msumeno.

Mwaka 1891 Mmarekani aitwaye Edward Acheson, akijaribu kutengeneza almasi kwa moto wa umeme, alipata kitu kingine: silikoni kabaidi, chembe nyeusi zenye kung'aa ambazo ugumu wake haupungui sana ule wa almasi yenyewe. Chembe kama hizo husagwa, zikachekechwa kwa ukubwa, zikafungamanishwa na udongo na kuchomwa tanuruni. Hapo ndipo zilipotoka namba ambazo huonekana juu ya vinoo vizuri vya kisasa. Namba 1000 hutengeneza makali yaliyopotea, na 8000 huyang'arisha; kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo chembe inavyokuwa ndogo. Mwanafunzi wa Galbet na mwenzake wa Kisumu wakipewa vinoo vya aina na namba moja, wamepewa mwalimu mmoja. Mmoja akishindwa, atajua kwamba kosa li mkononi mwake wala si katika bahati ya jiwe.

(Kwa wapenzi wa lugha: neno letu “msasa” lilikuwa jina la mti wenye majani yenye kukwaruza, ambayo mafundi waliyatumia kulainishia mbao. Leo ni karatasi ya kiwandani, na hakuna mzee ninayemjua anayelia kwamba majani yalikuwa na baraka zaidi.)

Mzee akikwambia kinoo chake ndicho kilichokipa kisu makali, mtazame mikono. Amelitumia jiwe lile kwa miaka arubaini. Anajua ni wapi pa kupitisha ncha na ni wapi pa kuepuka. Anajua kiasi cha maji. Anaisikia sauti ya chuma ikibadilika kabla wewe hujaona lolote. Hayo yote ni elimu, na elimu hiyo imo ndani yake. Akifariki, mwanawe hurithi jiwe bila elimu, akakwaruza wiki moja, kisha akalitupa uani au kulifanya kigingi cha mlango. Sisi tumelisifu jiwe kwa kazi ya mkono, na kwa kufanya hivyo tumeuacha mkono uende zake bila kurithiwa.

Wembe wa kukunja waonyesha jambo hili waziwazi. Katika vyombo vyote vya kunolewa, huo ndio unaoogopwa zaidi, na kumbe ndio ulio mwepesi zaidi kuuelewa. Hulazwa bapa juu ya jiwe, mgongo na makali vikigusa kwa pamoja, hivyo unene wa mgongo wenyewe ndio unaopima mwinamo. Husukumwa makali yakitangulia, hugeuzwa juu ya mgongo wake na kurudishwa. Kisha humalizwa kwenye ukanda wa ngozi, safari hii mgongo ukitangulia ili makali yasiukate ukanda. Kisu hakina msaada huo. Mwinamo wa kisu, nyuzi 15 au 20 hivi, hushikwa na kiwiko cha mnoaji peke yake.

Hata hivyo sitetei kurudi kwa wembe ule vinyozini. Uliondolewa kwanza na nyembe nyembamba za kutupwa, ambazo kampuni ya King Camp Gillette ilianza kuziuza Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Kisha, baada ya mgonjwa wa kwanza wa ukimwi kutambuliwa nchini Kenya mwaka 1984, tulifunzwa kwamba wembe mmoja usipite vichwa viwili, nasi tulifunzwa vyema. Na upo wembe mwingine ambao nauombea ubutu wa milele: ule wa kuwakeketea wasichana, ambao sheria ya mwaka 2011 iliupiga marufuku na ambao bado haujaachwa kote katika kaunti zetu.

Kinachobaki ni kisu, nacho hapa kwetu si chombo cha jikoni tu. Garissa ni mji wa mifugo. Soko letu la ng'ombe, mbuzi na ngamia lajulikana Afrika Mashariki nzima, na uchinjaji ni kazi ya kila siku. Katika Uislamu mchinjaji ameamrishwa anoe kisu chake na amwondolee mnyama mateso. Tena amekatazwa kukinoa mbele ya macho yake. Kwa hiyo ubutu si uzembe tu, ni dhuluma kwa kiumbe kisichoweza kushtaki. Kisha yaja ngozi. Kisu butu humlazimisha mchunaji akandamize. Akikandamiza, mkono huteleza. Ukiteleza, ngozi hutobolewa, na ngozi yenye tundu hushushwa daraja na bei. Wafugaji waliopoteza makundi yao katika ukame wa kati ya 2020 na 2023 hawana ngozi za kutoboa.

Sasa tazama suluhisho ambalo wengi wameliona kuwa werevu. Kisu hupelekwa kwa fundi wa kuchomelea vyuma, naye hukigusisha kwenye gurudumu la umeme. Cheche huruka, watoto hushangilia, na dakika haijaisha kisu kimerudi king'aavu. Lakini ukitazama ukingoni utaona mstari wa buluu. Chuma hicho kimefikia takriban nyuzi 300 za joto na sehemu ya ugumu kiliotiwa kiwandani imeyeyuka. Makali yake yatakunjika kabla ya mbuzi wa pili. Wazee na vijana wanaobishana juu ya vinoo wangepaswa kuungana dhidi ya gurudumu hilo. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, lakini hawakusema kwamba alikinunulia makali njiani.

Hapa ndipo shule inapoingia. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulituahidi ufundi wa mikono, na si warsha chache zilizoishia kuwa stoo za madawati mabovu. Mtaala wa umilisi uliouandama umeleta ufundi wa awali katika sekondari ya msingi, na nachelea tusije tukaufundisha nao kwa chaki, mwanafunzi akijaza jina la chombo ambacho hajapata kukishika. Najua walimu wanaogopa, nao wana haki: kisu darasani ni balaa, na sikubaliani na anayesema kwamba mtoto akililia wembe apewe. Lakini kunoa hakuanzi na wembe. Kwaanza na patasi, na ubapa wa randa, na jembe. Patasi ina upana mfupi na mwinamo unaoonekana kwa macho. Mwanafunzi hupaka wino kwenye ukingo, hunoa mara kumi, hutazama wino umefutika wapi, na papo hapo hujua kama mkono wake ulipinda. Darasa halihitaji zaidi ya vinoo viwili vitatu, beseni la maji, na karatasi ya msasa juu ya kioo kinene cha kusawazishia jiwe linapoanza kubonyea katikati, maana jiwe lililobonyea hunoa kombo.

Na mzee aalikwe. Aje na kinoo chake cha urithi, akae kwenye benchi, anoe patasi moja huku wanafunzi wakinoa ya pili kwa mawe yenye namba. Kisha mbao ikatwe kwa zote mbili, mapande yatazamwe, na wanafunzi waandike jiwe la mzee lalingana na namba ngapi. Yamkini litawashinda yote. Likishinda, waulize alilishika vipi, na waandike hilo pia.