Mgonjwa wa utumbo asiuziwe hofu ya ugali

Uvimbe sugu wa utumbo, yaani ugonjwa wa Crohn na ule wa vidonda vya utumbo mpana, humletea mtu kuharisha, maumivu ya tumbo na kukonda. Wapo wanaomshauri mgonjwa aache wanga wote, kuanzia ugali, wali hadi viazi, na badala yake anunue unga maalumu wa bei mbaya.

Ushauri huo hauna msingi wa kutosha. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Marekani kwa wagonjwa 194 wa Crohn. Kundi moja lilikula mlo usio na nafaka wala viazi. Jingine lilikula mlo wa Mediterania, ambao una nafaka. Baada ya wiki sita, waliopata nafuu walikuwa asilimia 46.5 na 43.5, tofauti ambayo kitaalamu haina uzito.

Anayeona ugali unamsumbua na aupunguze, lakini azibe pengo. Mayai, kuku, samaki na parachichi vina wanga kidogo, na vingi vyake mkulima anavyo nyumbani. Mboga zipikwe mpaka zilainike. Maganda na mbegu ngumu visubiri tumbo litulie. Anayekonda akiondoa ugali bila kuweka kitu, jembe litamshinda.

Dawa za hospitali zisiachwe, na daktari aulizwe kabla ya kubadili mlo. Mfanyabiashara naye auze chakula, asiuze uponyaji.