Jogoo Mkubwa Asiuzwe Kwanza

Kila serikali au mradi unapotaka kumwinua mfugaji wa kuku wa kienyeji, jibu la haraka ni vifaranga chotara. Hoja ina uzito. Mradi wa African Chicken Genetic Gains, ulioongozwa na taasisi ya utafiti wa mifugo ILRI, uliwajaribu chotara aina ya Kuroiler na Sasso kwa wafugaji wa Tanzania, na kuku hao walikua upesi kuliko wa kienyeji. Mwenye banda, chakula na soko la karibu ana haki ya kuwafuga.

Lakini “kienyeji” si kuku mmoja. Kuchi ana miguu mirefu na mwili mzito. Ching'wekwe ana miguu mifupi. Kuku wa shingo uchi hupoza mwili kwa urahisi kwenye joto, kwa sababu jeni moja tu humpunguzia manyoya. Uzito wenyewe hubebwa na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, na sehemu ya tofauti ya uzito kati ya kuku hurithiwa. Kwa hiyo uteuzi unawezekana humuhumu ndani, bila kuagiza damu ya nje.

Tatizo ni kwamba tunateua kinyume. Sikukuu ikikaribia au ada ya shule ikidaiwa, anayekamatwa kwanza ni jogoo mkubwa, maana ndiye mwenye bei. Anayebaki kupanda mitetea ni yule mdogo aliyekosa mnunuzi. Mwaka hadi mwaka tunauza mbegu bora na kubakiza hafifu, kisha tunalaumu asili ya kuku.

Kuhusu nyama, tusidanganyane: utamu wote hautoki kwenye vinasaba. Kuku wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki sita hivi; wa kienyeji hufikisha miezi mitano au zaidi, huku akizunguka kutwa kujitafutia. Umri na mwendo huikomaza misuli. Tukiteua kasi ya kukua peke yake na kuwachinja wakiwa wachanga, tutapoteza kile ambacho mlaji anakilipia.

Fedha za umma zianzie kwenye chanjo ya mdondo, kwani jeni nzuri haimfai kifaranga aliyekufa. Kisha maofisa ugani wawasaidie wanavijiji kupima vifaranga wakiwa na umri uleule, kuwabakiza majogoo bora wa mbegu, na kubadilishana majogoo kati ya kaya ili ndugu wasipandane. Koo wanaoatamia na kulea wenyewe nao wapewe alama. Chotara asiye na hamu ya kuatamia humrudisha mfugaji dukani kila msimu.