Bogoro: Kabla ya kulaumu virusi, angalieni vumbi

Kijana wa Bogoro anayejiundia kompyuta kwa vipuri vilivyotumika huulizwa prosesa yake ina nguvu gani. Feni haiulizwi, na hapo ndipo shida inapoanzia.

Vumbi la barabara ya Bunia kwenda Kasenyi huingia ndani ya kasha na kuziba mapezi ya kipoza joto, hewa isipite. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 95 hadi 100 za Selsiasi hupunguza mwendo zenyewe. Joto likizidi, mashine huzimika ghafula. Mwenyewe hulaumu virusi na kufuta programu zote. Kesho yake inazimika tena, na barua ya mteja ambayo haijahifadhiwa inapotea.

Kuifunika kwa kitambaa ikiwa imezimwa ni sawa. Kuifunika ikiwa inafanya kazi ni kuipika.

Dawa yake si ghali: brashi laini, huku feni imeshikwa isizunguke, na krimu ya joto kati ya prosesa na kipoza. Iliyokauka ifutwe kwanza, kisha liwekwe tone dogo, kama punje ya mbaazi. Kuijaza hakusaidii, maana kazi yake ni kuziba vinafasi vya hewa tu.

Mafundi wa Bunia, umbali wa kilomita takriban 25, wangemfundisha mteja hayo kabla ya kumuuzia prosesa kubwa zaidi, ambayo ndani ya kasha lilelile lililoziba itachemka upesi zaidi.