Katuni nazo ni vitabu

Jumamosi iliyopita mzazi mmoja alirudisha kitabu alichoazima mwanawe. Akaniambia kwa upole, "Mwalimu, mwanangu namleta hapa asome, si atazame picha." Kitabu chenyewe ni *Abunuwasi* cha Gado. Sikutaka kubishana mlangoni, watoto wanasikia. Jibu langu ni hili.

Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969. Alianza kusomea usanifu majengo, akaacha, na mwaka 1992 akaenda Nairobi kuchora katuni katika gazeti la Daily Nation. (Mzazi gani kati yetu asingeshtuka?) Tangu hapo viongozi wa Afrika Mashariki hawakusalimika na kalamu yake. Mwaka 2007 alipata tuzo ya Prince Claus ya Uholanzi, na mwaka 2009 kikaanza kipindi chake cha vikaragosi kwenye televisheni, The XYZ Show.

Hayo ni makubwa, lakini kwa shule yetu kazi yake ninayoithamini zaidi ni ya mwaka 1996, alipomtia Abunuwasi katika kitabu cha katuni cha Kiswahili, kilichotolewa na Sasa Sema. Ni Abunuwasi yule yule wa bibi zetu, wa sufuria iliyozaa na baadaye ikafa.

Watoto wengi hapa wa miaka 11 wanazungumza Kiswahili vizuri, lakini kukisoma wanasoma kama wa miaka sita. Tukiwapa vitabu vya kiwango hicho, ni vya kujifunza a, e, i, o, u, nao wanaona haya mbele ya wenzao. Tukiwapa riwaya, wanakwama ukurasa wa kwanza. Kwenye katuni, neno wasilolijua wanalikisia kutoka usoni mwa mhusika, wanacheka, wanafungua ukurasa unaofuata. Tena ni Kiswahili cha watu wanaojibizana, ndicho wanachokihitaji wakipiga simu nyumbani.

Ni kweli, katuni haifundishi kuandika insha. Insha tunazo, kila wiki, na nyinyi mnajua zinavyoandikwa: kwa machozi.

Mtoto yule alikuwa amefika katikati. Wakati wa kuondoka alinifuata kwenye ngazi, akaniuliza mwisho wake unakuwaje. Sikumwambia.

Kitabu bado kiko mezani kwangu, sijakirudisha kabatini. Mzazi mwenzangu, njoo ukichukue, ukisome wewe kwanza, kisha tuzungumze.