Mchezo wa ndege za rimoti na funzo lake kwa mkulima

MKULIMA wa mpunga anapoiona kwa mara ya kwanza ndege isiyo na rubani ikinyunyizia dawa shambani, hudhani kuwa ni zana ya kijeshi iliyobadilishiwa kazi. Dhana hiyo ina ukweli, lakini si ukweli wote. Sehemu kubwa ya ujuzi uliomo ndani ya mashine hiyo ulikuzwa na watu wazima wanaokutana siku za mapumziko kwenye viwanja vya majani, kila mmoja na rimoti mkononi, wakirusha ndege ndogo walizozitengeneza wenyewe.

Watu hao wapo Marekani, Uingereza, Japani, China, Australia na nchi nyingine nyingi. Wengi wao hawajawahi kuonana. Hata hivyo, kwa miaka mingi wamekuwa wakipeana michoro, vipimo na mbinu za ufundi bila kudaiana hata senti. Matunda ya ukarimu huo leo ni biashara kubwa ya droni. Swali la kujiuliza ni nani anayevuna, na nani amebaki kuwa mnunuzi tu.

Mchezo wenye nidhamu

Mchezo huu si wa jana. Chama cha warusha ndege za mfano cha Marekani, AMA, kilianzishwa mwaka 1936. Mwaka uliofuata, ndugu wawili mapacha wa jimbo la Michigan, Walter na William Good, walirusha ndege yao waliyoiita Guff na kuiongoza kwa mawimbi ya redio kutoka ardhini. Ndege hiyo imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian.

Kwa muda mrefu ndege hizi zilijengwa kwa balsa, mbao nyepesi mno ambayo nyingi hutoka Ecuador, zikafungwa injini ndogo ya mafuta na kufunikwa kwa karatasi au kitambaa chepesi. Fundi angeweza kutumia miezi kadhaa kujenga ndege moja, na ikaangamia ndani ya sekunde chache.

Hatari kubwa ilikuwa kugongana kwa masafa ya redio. Watu wawili wakiwasha rimoti za masafa yaleyale, ndege iliyo hewani hupoteza mwongozo na kuanguka. Kwa hiyo katika viwanja vingi uliwekwa ubao wenye vibanio vya nguo, kila kimoja kikiwa na namba ya masafa yake. Aliyetaka kurusha alichukua kibanio cha namba yake kwanza. Asipokikuta, alisubiri mwenzake atue. Hapakuwa na askari wa kusimamia utaratibu huo. Kila mmoja alijua kuwa uzembe wake ungeteketeza kazi ya mwenzake, na kesho zamu ingekuwa yake. Rimoti za kisasa zinazojitafutia masafa, zilizoenea kuanzia katikati ya miaka ya 2000, zimepunguza sana haja ya vibanio hivyo.

Mwenye duka la ndege hizi anaijua siri ambayo muuza vipuri vya pikipiki anaijua pia. Mteja hununua ndege mara moja, lakini hurudi mara nyingi kununua propela, betri, gia na gundi. Kila ndege inapoanguka, duka linapata mauzo. Ndiyo maana wafanyabiashara wadogo wameishi na mchezo huu kwa miongo kadhaa.

Kutoka shambani hadi ng'ambo ya Atlantiki

Mfano mzuri wa ushirikiano huo ni wa Agosti 2003. Mmarekani Maynard Hill, mzee wa miaka 77 ambaye macho na masikio yake yalikuwa yamedhoofu sana, pamoja na wenzake walirusha ndege ya mfano kutoka Cape Spear, Newfoundland, nchini Canada. Ikiwa na mafuta yake yote, ndege hiyo haikufikia kilo tano. Ilipofika juu, waliiachia mfumo wa kujiongoza uliofuata njia kwa msaada wa satelaiti. Baada ya saa 38 na dakika 52, ikiwa imesafiri takriban kilometa 3,000 kwa mafuta yasiyofika lita nne, ilipokewa na wenzao waliokuwa wakisubiri Ireland, wakaitua kwa rimoti.

Kabla ya hapo walikuwa wamepoteza ndege kadhaa baharini. Inafaa msomaji ajue pia kuwa ndege hiyo iliitwa The Spirit of Butts' Farm, kwa heshima ya shamba moja la jimbo la Maryland ambako walikuwa wakifanyia majaribio. Mkulima aliwapa uwanja, nao wakaliandika jina la shamba lake katika historia ya anga.

Mapinduzi ya bei

Kilichobadilisha mchezo kuwa biashara ni bei. Simu za kisasa zilipoenea, vitambuzi vidogo vinavyojua kama kifaa kimeinama au kimegeuka vilianza kutengenezwa kwa mamilioni, na bei yake ikashuka mno. Betri nyepesi za lithiamu nazo zikachukua nafasi ya injini za mafuta katika ndege nyingi. Vitu vilivyokuwa vya maabara vikafika mezani kwa fundi wa nyumbani.

Mwaka 2007 Chris Anderson, wakati huo akiwa mhariri wa jarida la Wired la Marekani, alianzisha jumuiya ya watu wanaojitengenezea ndege zinazojiongoza, akaiita DIY Drones. Mmoja wa waliojitokeza alikuwa Jordi Muñoz, kijana kutoka Tijuana, Mexico, aliyekuwa California akisubiri karatasi zake za ukaazi. Alichukua vitambuzi vya rimoti ya michezo ya Nintendo Wii akavitumia kuifanya helikopta ya kuchezea isiyumbe. Mwaka 2009 wawili hao walianzisha kampuni ya 3D Robotics. Programu ya ArduPilot iliyokuzwa na jumuiya hiyo bado inatolewa bure. Yeyote anaweza kuichukua na kuirekebisha kulingana na mahitaji yake.

Huko Shenzhen, China, Wang Tao, anayejulikana pia kama Frank Wang, alikuwa ameanzisha kampuni ya DJI mwaka 2006. Naye alikuwa mpenzi wa helikopta za rimoti tangu ujana wake, na akiwa chuo kikuu Hong Kong alifanya mradi wa kutengeneza mfumo wa kuiongoza helikopta. Mwishoni mwa mwaka 2015 kampuni yake ilitangaza Agras MG-1, droni ya propela nane iliyotengenezwa kwa ajili ya shamba, yenye uwezo wa kubeba kilo 10 za dawa.

Japani ilikuwa imetangulia kwa njia nyingine. Mwaka 1987 Yamaha ilileta helikopta isiyo na rubani, R-50, ya kunyunyizia mashamba ya mpunga, kwa kuwa vijana walikuwa wakihamia mijini na wakulima waliobaki walikuwa wakizeeka. Mashine hiyo ilifanya kazi vizuri, lakini bei yake ilikuwa kubwa kwa mkulima mmoja mmoja. Ujuzi uliosambaa miongoni mwa wapenzi wa mchezo pamoja na viwanda vya China ndivyo vilivyoishusha bei.

Hata hivyo, tusidanganyike kwamba anayegawa ujuzi ndiye anayevuna faida daima. Mwaka 2016 3D Robotics iliacha kutengeneza droni baada ya kushindwa kuhimili ushindani wa bei wa DJI. Kampuni iliyoegemea ujuzi wa wazi ilishindwa na ile iliyomiliki viwanda na kuficha siri zake. Ujuzi wenyewe haukufa, kwa sababu ulikuwa umeshasambaa kwa watu wengi.

Sheria zinabana

Mafanikio hayo yameleta mzigo. Droni zilipokuwa rahisi kununua, watu wasiojua nidhamu ya uwanjani walianza kuzirusha popote. Desemba 2018 uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, ulifungwa mara kadhaa baada ya taarifa kwamba droni zimeonekana. Safari zipatazo 1,000 zilivurugika na abiria kiasi cha 140,000 wakaathirika. Aliyehusika hakupatikana.

Serikali nazo zikakaza kamba. Marekani ilianza kusajili warushaji Desemba 2015 kwa ndege za uzito wa zaidi ya gramu 250. Kuanzia Machi 2024 inasimamia sharti kwamba ndege nyingi za aina hiyo zitoe mawimbi ya kuitambulisha zikiwa hewani, isipokuwa zikirushwa katika maeneo maalumu yaliyokubaliwa. Uingereza iliweka usajili na mtihani mwaka 2019.

Warushaji wa zamani wanalalamika kwamba wanaadhibiwa kwa makosa ya wengine. Malalamiko yao yana msingi, lakini hata serikali ina hoja, kwa kuwa rubani wa ndege ya abiria hana namna ya kujua nani mzoefu na nani amenunua droni jana. Jambo la kuangalia ni kwamba sheria isiyoacha uwanja wa kujifunzia huzuia ajali za leo na mafundi wa kesho kwa pamoja.

Hali ilivyo kwetu

Afrika Mashariki haiko nje ya habari hii. Oktoba 2016 Rwanda ilianza kupeleka damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani za kampuni ya Zipline, ambazo hurushwa kwa mtambo kama manati na kudondosha mzigo kwa mwavuli. Mwaka huohuo Zanzibar ilianza kupima visiwa vya Unguja na Pemba kwa kutumia ndege nyepesi za mabawa zenye uzito wa chini ya kilo moja, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, walifundishwa kazi hiyo. Mtu anayeshika moja ya ndege hizo ataona kuwa umbo lake si tofauti sana na ndege za wachezaji wa Jumapili.

Kwa Tanzania, droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Kenya ina kanuni zake za mwaka 2020 chini ya mamlaka yake, KCAA. Kwa hiyo mkulima au kikundi kinachofikiria kununua droni ya dawa kijue kuwa bei ya dukani ni mwanzo tu wa gharama. Kuna kibali, mafunzo ya mwendeshaji, betri za akiba na vipuri.

Betri peke yake inahitaji hesabu. Agras MG-1 ikiwa imebeba mzigo kamili hukaa hewani kama dakika 10 tu, kisha hushuka kubadilishiwa betri. Mwenye betri moja na asiye na umeme karibu atashinda shambani akisubiri, na huenda jirani mwenye bomba la mgongoni akamaliza kabla yake. Aidha, droni hutumia maji machache kwa ekari kuliko bomba, hivyo dawa huwa nzito na matone huwa madogo. Upepo ukivuma, dawa itaangukia mboga au mizinga ya jirani, na ugomvi utakuwa wa mwenye shamba, si wa kiwanda.

Kwa mkulima mdogo, njia yenye nafuu ni kukodi kupitia kikundi au chama cha ushirika badala ya kila mmoja kununua. Kabla ya kukubaliana, aulize maswali manne. Je, mwendeshaji ana kibali? Dawa inayotumika imeruhusiwa kupuliziwa kutoka juu? Mashine ikiharibika katikati ya msimu, ni fundi gani ataitengeneza na baada ya siku ngapi? Malipo ni kwa ekari iliyokamilika au kwa saa?

Swali la fundi ndilo linalomhusu pia mfanyabiashara mdogo. Mota, propela na waya za droni zinafanana kwa sehemu kubwa na zile za ndege za mchezo, na kijana anayefungua simu na redio ana msingi wa kuanzia. Programu ya bure ipo. Kinachokosekana ni mahali pa kujaribia bila kuvunja sheria, yaani uwanja mmoja ulio mbali na viwanja vya ndege, wenye kibali na msimamizi. Halmashauri, vyuo vya ufundi na vyama vya ushirika vyenye ardhi vinaweza kuomba kibali hicho kwa pamoja.

Wenzetu walianza na shamba la mkulima mmoja aliyekubali ndege zirushwe kwake. Ardhi ya namna hiyo sisi pia tunayo. Tusipoitumia kufundishia vijana wetu, kila droni itakayoanguka shambani itakuwa inasubiri kipuri na fundi kutoka nje, na msimu haumsubiri mtu.